Ulipigana Upande Gani?

Ukikutana na mtu wa rika langu aliyewahi kucheza Skyrim, usimuulize aliua majoka mangapi. Muulize alipigana upande gani. Jibu lake litakuonyesha alianza lini, alicheza na akina nani, na kama aliurudia mchezo baadaye, akiwa amekwisha kuanza kulipa kodi ya nyumba. Nimekuwa nikisikia majibu hayo yakigeuka tangu mwaka 2012, na vita yenyewe ni ileile.

Kwa ambaye hajaucheza: Skyrim ni mchezo wa tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls, kazi ya Bethesda Game Studios ya Marekani iliyoongozwa na Todd Howard. Ulitoka tarehe 11 Novemba 2011. Unaingia katika nchi ya baridi na milima, yenye magofu na wafu wasiolala, na karibu tangu mwanzo una ruhusa ya kwenda kokote. Majoka yamefufuka, na wewe ndiye uliyezaliwa na uwezo wa kuzinyonya roho zao. Ila nyuma ya majoka ipo vita ya wenyewe kwa wenyewe. Dola ilipigana na milki inayotawaliwa na Thalmor, ikachoka, ikatia saini mkataba wenye sharti chungu: Talos asiabudiwe tena. Talos ni mungu wa Wanord, wenyeji wa nchi hiyo. Ulfric Stormcloak, Jarl wa mji wa Windhelm, akamuua Mfalme Mkuu na kuwasha uasi. Jenerali Tullius akatumwa kuuzima. Wewe chagua.

Sisi mchezo ulitukuta bwenini, Dar es Salaam, ndani ya diski ya nje iliyokuwa ikipita chumba hadi chumba pamoja na filamu za Kinigeria na albamu za Bongo Fleva. Sitajidai kwamba kuna aliyeulipia. Chumbani kwetu kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, iliyounganishwa kwa vipuri vya Kariakoo, na ili mchezo uende bila kukwama tulishusha ubora wa picha mpaka theluji ikawa mabaka meupe tu. Haikutusumbua. Theluji wengi wetu tuliijua ya Kilimanjaro, tena kwa kuitazama kutoka barabarani. Umeme ukikatika kabla mtu hajahifadhi mchezo, korido nzima ilijua.

Maneno yetu ya kwanza yalikuwa ya watu walioshangazwa na ukubwa. Mlima unaouona kule mbali si pazia lililochorwa. Unaupanda, unafika High Hrothgar kwa njia ambayo wenyeji wanasema ina ngazi 7,000, unageuka na kuiona nchi yote uliyoikanyaga. Wahakiki nao walisema hivyohivyo: kwenye Metacritic toleo la kompyuta lilipata alama 94, na tuzo kubwa ya mchezo wa mwaka 2011 kwenye Video Game Awards ikaenda kwa Skyrim. Malalamiko ya msimu ule yalikuwa ya ufundi. Wa PlayStation 3 walilia kwamba kadiri safari inavyorefuka ndivyo mchezo unavyozidi kukokota miguu. Yakatoka marekebisho yaliyofanya baadhi ya majoka yaruke kinyumenyume. Watu walicheka, wakasamehe. Na walicheka zaidi juu ya wale askari wa mjini, kila mmoja akikusimulia kuwa naye alikuwa msafiri jasiri kabla ya kupigwa mshale wa goti.

Ubishi wa vita ulikuja taratibu, tulipokwisha kuzoea ukubwa.

Chumbani kwetu karibu wote tulikuwa Stormcloak, na sidhani kama tulifikiri sana. Mchezo unaanza umefungwa mikono juu ya mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa na askari wa Dola. Karani anatazama orodha, jina lako halimo, na kapteni anaamuru ukatwe tu. Baada ya hapo nani akupe sababu ya kuwatumikia? Tena tulikuwa watoto wa shule za Tanzania. Tulikaririshwa Maji Maji, tukakaririshwa mwaka 1961. Akitokea mtu anasema nchi ina wenyewe, na wageni wasituchagulie wa kumwabudu, masikio yetu yalishafunzwa kumsikiliza. Ulfric alikuwa na sauti nzito, na hotuba zake ziliingia mahali palipokwisha kulimwa.

Aliyetuharibia starehe hiyo alikuwa mwenzetu wa Kigoma, mwanafunzi wa sheria, aliyekulia Kasulu karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yeye alikwenda Windhelm mapema kuliko sisi. Ukiingia lango la mji huo, kitu cha kwanza unachokiona ni wanaume wawili wa Kinord wakimzonga mwanamke wa Kidunmer, wakimwita jasusi. Wadunmer walikimbia kwao baada ya mlima wa moto kulipuka, na wameishi Windhelm vizazi na vizazi, wakisongamana katika mtaa mmoja wenye vichochoro vibovu, Gray Quarter. Waargonia, wale wenye umbo la mijusi, hata kulala ndani ya kuta hawaruhusiwi. Wanabeba mizigo bandarini kwa ujira mdogo, na wanalala hukohuko. Yote hayo ni nje kidogo ya mlango wa Ulfric.

Mwenzetu aliweka kipanya chini. "Kaka," aliniambia, "huyu bwana anagombea uhuru wa nani?"

Tulimjibu kwa kelele. Tukasema anahukumu harakati nzima kwa walevi wawili. Tukasema akaone Solitude, makao ya Dola. Na hapo tulikuwa na hoja, kwa sababu walioutunga mchezo hawakumwachia mtu njia nyepesi: ukiingia lango la Solitude unakuta umati umekusanyika, na mtu anayeitwa Roggvir anakatwa kichwa kwa kosa la kumfungulia Ulfric lango akatoroka. Katika umati yumo mtoto wa dada yake. Miji mikuu miwili, malango mawili, na kila lango linakupokea kwa jambo la kukutia kichefuchefu na upande ule. Katika Skyrim nzima sijaona kazi iliyofanywa kwa akili kuliko hiyo, na ajabu yake ni kwamba hakuna misheni inayokupeleka kuyalinganisha malango hayo. Unaweza kuumaliza mchezo bila kulijua hilo.

Kisha tukapata jalada. Ipo misheni unaingia ubalozi wa Thalmor kwa hila, umevaa nguo za mgeni wa karamu, na humo unaweza kuokota faili linalomhusu Ulfric. Linaeleza kuwa aliwahi kuwa mateka wao, akateswa, akaaminishwa kwamba siri alizotoa ndizo zilizouangusha mji mkuu wa Dola, na kwamba uasi wake umewafaa mno Thalmor. Wanachotaka ni vita iendelee. Stormcloak wakishinda kabisa, nalo hawalitaki. Faili lile lilisomwa chumbani kwetu kwa sauti, watu wamekaa vitanda vya juu na vya chini, kisha kila mmoja akalitumia kuthibitisha alichokuwa ameamini tangu jana yake. Wa Dola wakasema: mnaona, kibaraka. Sisi tukasema: Dola ndiyo iliyosaini mkataba, Ulfric alitumiwa bila kujua. Mwanasheria wetu naye akauliza habari za Markarth, ambako watu waitwao Forsworn wanadai ardhi ile ni yao kabla ya Mnord yeyote, na ambako aliyewavunja na kuwatoa mjini ni Ulfric huyohuyo. Kiongozi wao yumo gerezani, ndani ya mgodi wa fedha. Hilo hatukuwa na jibu lake. Tulimwambia azime taa.

Hapo niseme la moyoni. Vita ile, kama mchezo, ni dhaifu. Unatumwa kuteka ngome, unatumwa nyingine, askari kadhaa wanakuja mbio, unawafyeka, umemaliza. Ukishinda, majarl wachache wanabadilishana viti na askari wanabadili sare. Dola ikiutwaa Windhelm, anakalishwa kitini Brunwulf Free-Winter, mzee aliyekuwa akiwatetea Wadunmer, na Gray Quarter inabaki na vichochoro vilevile. Kwa hiyo ubishi wote ulikuwa kwetu, si kwenye kioo. Mchezo ulitupa ushahidi wa pande zote, kisha ukashindwa kuendesha kesi.

Nilipohitimu na kupata kazi, nilijinunulia nakala halali wakati wa punguzo kwenye Steam. Nikakuta dunia ya wachezaji imekwisha kugeuka. Mei 2015 ilitoka The Witcher 3 kutoka studio ya Kipolandi, CD Projekt Red, na ghafla kila mtu akaona jinsi Skyrim ulivyokuwa mwembamba. Kule Witcher hata kazi ndogo ya kijijini ina mwanzo na mwisho wake, na mwisho wenyewe unauma. Huku unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold ukiwa hujui uchawi wa maana, na misheni nyingine zinatengenezwa na mashine bila kikomo: nenda pango fulani, ua fulani, rudi. Wazee wa Morrowind, mchezo wa tatu katika mfululizo huo, wa mwaka 2002, walipata nafasi ya kusema waliyokuwa wakiyasema muda wote. Kule hapakuwa na mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Uliambiwa ufuate mto hadi daraja, ukapotea, ukajifunza nchi. Sikuwapenda wazee hao. Lakini nilijaribu kuzima alama za njia katika Skyrim, na nikaona wahusika hawakupi maelekezo ya kutosha. Maneno hayakuandikwa, kwa kuwa mshale ulikwisha kufanya kazi yao.

Mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Aprili, hasira zilihamia kwenye pesa. Modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, zilikuwa bure tangu mwanzo. Valve, wenye Steam, na Bethesda wakaruhusu ziuzwe, mtengenezaji apate asilimia 25. Mzozo wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mpango ulifutwa baada ya siku chache. Nilikuwa upande wa waliopinga, na bado nashangaa tulivyopiga kelele nyingi kuhusu haki yetu ya kupata vya bure na chache sana kuhusu ile asilimia 25. Mwaka huo pia ilitoka modi iitwayo The Forgotten City, kazi ya Nick Pearce wa Australia, iliyopewa tuzo ya chama cha waandishi wa nchi hiyo. Mwaka 2021 ikarudi kama mchezo unaojitegemea.

Baada ya hapo Skyrim ukawa mzaha. Toleo maalumu 2016, Switch na miwani ya uhalisia pepe 2017, toleo la maadhimisho 2021. Bethesda wenyewe wakajicheka mwaka 2018 kwa kuutengenezea toleo la kucheza kwa mdomo kupitia spika ya Alexa, na lilikuwa linafanya kazi kweli. Kisha Septemba 2023 wakatoa Starfield yenye sayari zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa zimepangwa na kompyuta, na walewale waliokuwa wakiuita Skyrim mwembamba wakaanza kuusifu: kila pango lilipangwa na mkono wa mtu, ukitembea dakika mbili unakuta kibanda chenye barua mezani na mifupa kitandani. Mwaka huo Howard alisema nakala zilizouzwa zimevuka milioni 60. Nakala yetu ya bwenini, bila shaka, haimo.

Sasa mchezo uko mikononi mwa mtoto wa dada yangu, kidato cha nne, mwenye modi nyingi kiasi kwamba kompyuta yake inaunguruma hata akiwa kwenye menyu. Nilimuuliza swali langu la siku zote.

"Sijapigana, mjomba."

Ipo misheni ambamo Ulfric na Tullius wanakaa meza moja High Hrothgar na wewe unasimamia mapatano, ili majoka yashughulikiwe kwanza. Alisimamisha vita pale, akamuua joka mkuu, na hakurudi kuiendeleza. Kwake swali letu la nani ashinde ni la ajabu, maana mchezo umempa njia ya kuwanyamazisha wote wawili. Rafiki zake nao wamefanya hivyo. Wanajadili nyuso, mavazi na mwanga wa jua juu ya maji, mambo ambayo kompyuta yetu ya Kariakoo isingeyaweza.

Nikamuuliza pale mezani aliwapa Stormcloak mji gani, maana Ulfric hutaka kitu.

"Markarth."

"Markarth! Yule aliyewavunja Forsworn, ndiye umempa?"

"Mjomba, Dola nayo imeupata Riften. Na wale Forsworn walikuwa wananipiga mishale kila nikipita."

Nikamweleza habari za mgodi, na za mzee aliyefungwa humo. Akasema hajawahi kuingia gerezani kule, yeye haibi. Nikasema ndiyo sababu hajui alichokigawa. Akasema mimi nilimpigania Ulfric mpaka mwisho, kwa hiyo nilimpa Markarth pamoja na nchi nzima, na hanioni nikijieleza. Dada yangu akatoka jikoni kuuliza ni shamba gani tena la ukoo linaloleta maneno.