Kila Alama Ina Siku Yake

Watoto, je, mmepata kuitazama vizuri sufuria ya nyumbani kwenu? Chini ni nyeusi kwa masizi. Ubavuni imebonyea. Pembeni ina mikwaruzo. Sufuria hiyo haikutoka dukani namna hiyo. Kila alama iliyo juu yake ilipatikana siku fulani, kwa sababu fulani. Habari tutakayosoma sasa ni ya kijana mmoja wa Butembo, aliyejifunza jambo hilo kwa kupaka rangi ndege ndogo ya plastiki.

Ilikuwa likizo kubwa ya mwaka 2017. Kijana huyo alikuwa amemaliza darasa la tano, naye alikaa kwa babu yake. Mzee huyo alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Nyumba yao ilikuwa kilimani, karibu na mikaratusi. Butembo i karibu sana na mstari wa Ikweta, lakini kwa kuwa mji uko juu milimani, asubuhi watu huvaa makoti.

Katika nyumba hiyo alikaa pia shangazi yake. Yeye alikuwa ametoka upande wa Beni. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi wa upande ule waliuawa vijijini mwao, na wengine wengi wakayaacha mashamba yao. Shangazi naye aliliacha shamba lake la kakao. Alikuja Butembo na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, basi.

Siku moja mjomba wa kijana, aliyekaa Ubelgiji, akampelekea sanduku dogo. Kijana akalifungua kwa haraka. Ndani mlikuwa na vipande vingi vya plastiki ya kijivu, na karatasi yenye picha za kuonyesha namna ya kuviunganisha. Juu ya sanduku iliandikwa 1/72. Maana yake, ukichukua ndege ndogo 72 ukazipanga moja nyuma ya nyingine, utapata urefu wa ndege moja ya kweli. Ndege ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 10 na zaidi kidogo. Ile ndogo ilikuwa na sentimeta 14 tu.

Shangazi akaingia akaona vipande mezani. Akauliza, “Mwanangu, hicho ni nini?”

“Shangazi, ni ndege ya vita.”

Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Vita tumevikimbia, nawe wavileta mezani tunapolia chakula?”

Kijana akainama, asijue la kujibu. Babu akasema, “Mwache aijenge kwanza. Tutaona atajifunza nini.”

Ndege ile ilikuwa imetengenezwa kwa mfano wa ndege za nchi ya Uswidi. Waswidi waliiita Tunnan, maana yake Pipa, kwa sababu mwili wake ni mnene na mfupi. Ndege ya kwanza ya namna hiyo iliruka mwaka 1948. Kijana alikwenda kumwuliza mwalimu wake, na mwalimu akamweleza kwamba ndege hizo zilipata kufika Kongo.

“Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru,” alisema mwalimu, “na mara jimbo la Katanga likajitenga. Umoja wa Mataifa ukaleta askari. Mwezi wa Septemba 1961 ndege moja ya jeti ya Katanga ikawashambulia askari hao kutoka angani, nao hawakuwa na ndege za kujikinga. Ndipo Uswidi ikaleta Mapipa yake, mwezi wa Oktoba. Yalikaa Luluabourg, mji uitwao Kananga siku hizi, na baadaye Kamina. Yalizipiga ndege za Katanga zilizokuwa chini katika viwanja, kama kile cha Kolwezi. Mwanzo wa mwaka 1963 Katanga ikarudi katika Kongo, na Waswidi wakaenda kwao. Lakini baadhi ya ndege zao hazikurudi. Gharama ya kuzirudisha ilikuwa kubwa, kwa hiyo ziliharibiwa huko huko Kamina.”

Basi kijana akaanza kazi. Alikata vipande kwa kisu kidogo, akavisugua kwa msasa, akaviunganisha kwa gundi. Baada ya siku tatu ndege ikasimama juu ya magurudumu yake. Lakini rangi ya kupaka vitu vidogo kama hivyo haikupatikana Butembo. Kijana akaingia katika karakana ya babu bila kuomba, akachukua rangi ya magari iliyochanganywa na dawa kali ya kuyeyushia rangi. Akapaka bawa moja. Alipoligusa, bawa likabonyea chini ya kidole kama nta karibu na moto. Dawa ile haidhuru bati la gari, bali huila plastiki.

Akamwendea babu kwa aibu. “Babu, nimekosa. Nimechukua bila kuuliza.”

Babu akalitazama bawa. “Umekosa mara mbili,” akasema. “Hukuuliza mwenye rangi, wala hukuijaribu rangi mahali pasipoonekana. Fundi hujaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Liache bawa likauke, halafu utalisugua kwa msasa. Baada ya hapo utatumia rangi ya mafuta iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo.”

Kijana akafanya hivyo. Akapaka ndege yote rangi ya fedha, kwa maana ndege zile zilifika Kongo na bati lao tupu, liking'aa. Ikakauka siku mbili. Kisha juu yake akapaka rangi ya kijani, ile ya maji inayopakwa kutani, kwa kuwa baadaye nyingine zilipakwa rangi za majani huko huko Kongo, zisionekane upesi. Mwisho akabandika herufi U na N, alama ya Umoja wa Mataifa.

Ndege ikawa safi kabisa. Lakini kijana aliitazama, asiridhike. Ilifanana na kitu cha kuchezea kilichotoka dukani. Haikufanana na ndege iliyofanya kazi juani na mvuani. Akachota tope, akalipaka kila mahali, juu na chini, mbele na nyuma. Akamwonyesha babu.

Babu akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Miaka arobaini natoa uchafu na kutu kwenye magari ya watu, na leo mjukuu wangu anaweka uchafu kwenye ndege mpya! Haya, basi, ukitaka kuweka uchafu, uweke kwa haki. Ndege hii haikusafiri. Hii imeanguka shimoni. Ioshe, halafu unifuate.”

Wakashuka mpaka barabarani, mahali malori yatokayo Beni husimama. Toka Beni mpaka Butembo ni kilomita 54, na barabara ilikuwa ya udongo mwekundu. Babu akasimama kando ya lori moja.

“Tazama, uniambie vumbi liko wapi.”

“Liko chini, Babu, na nyuma ya magurudumu. Juu ni kidogo.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu magurudumu hulirusha.”

“Na rangi imetoka wapi?”

Kijana akazunguka lori. Rangi ilikuwa imetoka kwenye ngazi ya dereva, mahali pa kukanyaga. Imetoka pia kwenye mpini wa mlango, mahali pa kushika. Katikati ya mlango, pasipoguswa na mtu, rangi ilikuwa nzima. Chini ya tangi palikuwa na mstari mweusi wa mafuta, ulioteremka wima kama maji yanavyoteremka.

“Waona,” babu akasema, “uchafu hauji ovyo. Mguu huacha alama ya mguu, na moshi alama ya moshi. Usipojua sababu ya alama, usiipake.”

Juma lililofuata shangazi alikwenda Beni kuwasalimu ndugu zake, na kijana akamsindikiza. Beni iko chini kuliko Butembo, na joto lake ni kali zaidi. Ndugu zao walikaa karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi, kaskazini ya mji. Siku ile helikopta nyeupe ya Umoja wa Mataifa ilitua uwanjani. Kijana akaitazama kutoka mbali, nje ya ua. Nyuma ya matundu ya moshi, rangi nyeupe ilikuwa imegeuka nyeusi. Karibu na tundu weusi ulikuwa mzito, na kadiri ulivyokwenda nyuma ukapungua, mpaka ukapotea. Kijana akachukua kalamu, akauchora weusi ule katika daftari lake.

Jioni, huko huko Beni, shangazi alipika ugali kwa sufuria yake ya siku zote. Kijana akaitazama kama alivyolitazama lori. Akauliza, “Shangazi, chini hapa ni moshi wa kuni. Lakini mbonyeo huu wa ubavuni ulitoka wapi?”

Shangazi akaendelea kukoroga. Kisha akasema, “Huo ni wa usiku ule tuliokimbia. Niliteleza katika giza, na sufuria ikapiga jiwe. Niliogopa kwamba sauti yake imetuponza. Tukalala chini katika majani mpaka asubuhi. Mtu mmoja wa karakana alitaka kuninyoshea hapa. Nilikataa.”

Kijana hakuuliza tena.

Waliporudi Butembo, alikaa mezani siku nyingi, akifanya kidogo kidogo. Kwanza alifanya hesabu. Kwa kipimo cha 1/72, mkwaruzo wa milimeta 1 juu ya ndege ndogo ni sentimeta 7 na zaidi juu ya ndege ya kweli. Kwa hiyo kila alama ilipasa kuwa ndogo sana. Alilowesha njiti ya mti, akaisugua rangi ya kijani taratibu kwenye ukingo wa mabawa na mahali rubani apandapo. Kijani kikatoka, na rangi ya fedha ikaonekana chini yake, sawa na bati la kweli. Kwa penseli iliyochongwa vizuri akafuata mistari ambapo mabati hukutana. Udongo mwekundu aliukausha, akausaga, akauchuja kwa kitambaa, akaupaka kwa burashi kavu kwenye magurudumu na chini ya tumbo. Halafu akasaga makaa. Tundu la moshi la Pipa liko chini ya mkia. Hapo akapaka weusi mzito, akaupunguza kwenda nyuma, kama alivyouchora Mavivi.

Zikabaki bunduki nne zilizo chini ya pua ya ndege. Kijana akashika burashi, kisha akaiweka chini. Akamwita babu.

“Babu, nikipaka masizi hapa, maana yake bunduki hizi zilipigwa.”

“Je, zilipigwa, au hazikupigwa?”

“Mwalimu alisema zilipigwa.”

“Basi paka. Usiongeze, wala usipunguze.”

Kijana akapaka masizi kidogo kwenye midomo ya bunduki.

Usiku ule akaiweka ndege mbele ya shangazi. Hakusema neno. Shangazi akaisogeza taa karibu, akaitazama muda mrefu. Akaona mahali pa kukanyaga, akaona vumbi, akaona moshi wa mkia. Kisha akaonyesha kwa kidole chini ya pua.

“Na hapa?”

“Hapo ndipo zilipopigia, Shangazi.”

Shangazi akatikisa kichwa polepole. “Ulipoileta nilidhani utaifanya ing'ae,” akasema. “Watoto wengi hudhani vita hung'aa. Kitu kilichokwenda vitani hakirudi kipya, wala mtu harudi mpya. Umefanya vema kutoficha.”

Akainuka, akaitwaa ndege, akaiweka mwenyewe juu ya kabati, kando ya sufuria yake.

Wanafunzi wapenzi, si lazima kila mmoja wenu apate ndege ya plastiki. Lakini kila mmoja ana macho. Mkitaka kuchora nyumba, kuchonga gari la mti, au kueleza habari ya jambo mliloliona, tazameni kwanza, mkaulize sababu. Anayeongeza chumvi hudanganya, na anayeficha hudanganya pia. Fundi mwema huweka kila alama mahali pake.

Maswali

1. Kwa nini bawa la ndege lilibonyea chini ya kidole?
2. Babu alimpeleka kijana barabarani kutazama nini?
3. Ndege ya kweli ina mabawa yenye upana wa mita 11. Kwa kipimo cha 1/72, upana huo ni sentimeta ngapi hivi?
4. Kwa nini shangazi alikataa sufuria yake inyoshwe?
5. Tafuta chombo kimoja cha zamani nyumbani kwenu. Andika alama tatu zilizo juu yake, na sababu ya kila moja.