Kusubiri Langoni

Sisi tuliokulia Shinyanga na Geita tunazijua kazi mbili za kusubiri: uchimbaji mdogo na ukipa. Mchimbaji hushuka duarani miezi mingi bila kuliona jiwe lenye dhahabu. Kipa husimama dakika 90, na pengine mpira wa hatari humfikia mara moja tu.

Mwaka 2003 Juma Kaseja alikuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti kule Cairo. Miaka 16 baadaye, tarehe 4 Agosti 2019, alisimama tena langoni, safari hii Kasarani, Nairobi. Alikuwa amekaa nje ya Taifa Stars miaka kadhaa. Mechi ikaisha bila bao, na Stars ikaitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kufuzu CHAN.

Aristotle anafundisha kwamba fadhila hujengwa kwa kurudia matendo mema mpaka yawe tabia. Kwa hiyo ushindi wa Nairobi ulianza kujengwa mazoezini, katika miaka ambayo Stars haikumwita.

Tukienda likizo, wenzetu waliopata pikipiki kwa fedha ya machimbo hututania: "Mafadha, bado tu mnasoma?" Nasi tunawakumbuka tulioanza nao ambao vitanda vyao bwenini sasa ni vitupu. Hapo utani huwa mzito. Hata hivyo kengele ikilia alfajiri tunaamka, tunasali, tunaingia darasani. Siku ya kuitwa hatuichagui sisi. Kilicho mikononi mwetu ni mazoezi ya leo.