Uchaguzi wa katikati, wa kwao na wa kwetu

Wadau, Novemba 3, 2026 Wamarekani wanapiga kura na hakuna anayegombea urais. Nimeona niandike, maana tangu nianze kusomea ualimu nikifika kwa mama mdogo Magomeni Mikumi naulizwa kila kitu kana kwamba nimemeza maktaba. Safari hii jirani kaniuliza: "Mwalimu, si Trump alishashinda? Wanachagua nini tena?"

Jibu ni rahisi kidogo. Rais anakaa miaka minne, lakini Baraza la Wawakilishi, viti vyote 435, linarudi kwa wananchi kila miaka miwili, na Seneti inarudi theluthi kwa theluthi. Kwa hiyo rais akiwa katikati ya safari wanaweza kumnyang'anya Bunge. Nikawapa mfano wa Obama. 2008 alivaliwa mpaka kwenye kanga, 2010 chama chake kikapoteza Baraza la Wawakilishi. Hiyo hakuna aliyekuwa anaijua! "Obama wetu?" Ndiyo, Obama wetu.

Hapo mama mdogo akasema mbona na sisi tulishapata wa katikati, mmesahau? Alikuwa anasema uchaguzi mdogo wa Kinondoni, Februari 17, 2018. (Kwa mlioko mikoani, Magomeni imo jimbo la Kinondoni.) 2015 jimbo lilimchagua Maulid Mtulia wa CUF. Desemba 2017 akajiuzulu akahamia CCM, na kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akitoka kwenye chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakuwa wazi. Watu wakaitwa upya, na mgombea wa CCM akawa yule yule Mtulia, dhidi ya Salum Mwalimu wa CHADEMA. Mtulia akashinda.

Marekani hawana sheria hiyo. Desemba 2019 Jeff Van Drew wa New Jersey aliwahama Democrats akaenda Republicans, na kiti akaendelea kukikalia mpaka Novemba 2020, wapiga kura wakamrudisha. Jirani alicheka sana, kumbe hata huko wanahama! Kwenye karatasi mimi naona sheria yetu ni nzuri zaidi, inasema kiti ni cha waliokutuma. Ila wao tarehe wanaijua. Sisi wa katikati mpaka mtu afe, ajiuzulu au avuliwe uanachama.

Sasa tazameni mwaka huo huo, 2018. Uchaguzi wao wa katikati ulipata karibu nusu ya wenye haki ya kupiga kura, na hiyo wakaihesabu rekodi ya miaka mia hivi. Kinondoni waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 260,000, waliopiga kura kama 45,000. Yaani kwenye watu sita, watano hawakwenda.

Ukiniuliza darasani nitajibu mwamko mdogo, wapewe elimu ya uraia, nipate maksi zangu. Lakini pale barazani hakuna asiyejua maana ya kura. Jirani alipanga foleni alfajiri 2015, kura yake ikaondoka na mwenye nayo, "sasa nikapange tena nimthibitishie nini?" Mwingine akasema mbunge ni mbunge tu, mambo anayo rais. Akanyoosha kidole upande wa Magomeni Kota: kaya 644 zilivunjiwa nyumba zikatawanyika, Magufuli akaahidi kuwajengea 2016, Rais Samia akazindua Machi 2022. "Mbunge gani alileta maghorofa yale?" Ukiwa unayaona kila siku ni ngumu kumbishia. Hawa watu wanapiga hesabu, na hesabu yao ni kura ipi inasogeza kitu.

Mama mdogo hesabu yake ilikuwa nyingine. Siku moja kabla, Ijumaa Februari 16, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi ndani ya daladala pale Mkwajuni, wakati polisi wanawatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuwa wanadai barua za mawakala wao. Hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa abiria, mwanachuo kama mimi na wewe unayesoma hapa.

Mimi nilikuwa form one Morogoro, niliisikia kama habari ya mjini tu. Kumbe kadi ya kura ya mama mdogo ilishatolewa kabatini, iko mezani. Jumamosi asubuhi akafunga geti, watoto ndani, na yeye ndani. "Nikampigie nani kura, hawa niwaache na nani?"

Mpaka leo akipanda daladala ya kupita Mkwajuni hakai dirishani.