Magogo ya Nyungu ya Mawe

Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 20, jina la rugaruga lilitangulia misafara yote katika njia ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Walioitwa hivyo aghalabu walikuwa vijana wasio na kwao: mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha mizigo porini, watoto ambao vijiji vyao vilichomwa moto. Walivaa nguo nyekundu na manyoya, wakavuta bangi, wakapora na kuua. Hapana haja ya kuwapamba.

Walakini watu hao hao waligeuzwa kuwa askari na walinzi wa njia. Neno hongo, ambalo leo ni rushwa, wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Na labda umbali kati ya mnyang'anyi na mlinzi haukuwa mkubwa kuliko umbali wa maana hizo mbili. Watawala wawili walisifika kwa kazi hiyo ya kuwageuza: Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora, na Nyungu ya Mawe, chongo wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, aliyejiwekea makao Kiwele katika nchi ya Ukimbu.

Mirambo ndiye ajulikanaye zaidi. Vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 viliziba njia, na Stanley, aliyekuwapo, alikuja kumlinganisha na Bonaparte. Walipokutana mwaka 1876 alistaajabu kumwona ni mtu mpole. Mirambo alipenda askari vijana wasio na wake wala watoto, maana asiye na nyumba haogopi kufa. Kwa vita ilikuwa busara. Kwa dola ilikuwa kasoro, kwa sababu kijana wa namna hiyo hana kimfungacho ila bwana wake. Tarehe 2 Desemba 1884 bwana huyo alifariki kwa ugonjwa. Ndugu yake Mpandashalo akashika mahali pake, akarithi watu wale wale na bunduki zile zile; lakini watemi waliotii kwa hofu ya mtu mmoja wakajitenga, na dola ikasambaratika katika miaka michache.

Nyungu naye alikufa mwezi ule ule. Mtu angetazamia maangamizi makubwa zaidi, kwa kuwa mrithi alikuwa binti yake, Mgalula. Husimuliwa kwamba Nyungu aliwaita rugaruga wake magogo, na vita vikipamba moto alipaza sauti kutaka magogo yaongezwe. Je, magogo hayo yangemtii mwanamke?

Yalimtii, na sababu yaonekana katika kazi waliyokuwa wamepewa. Ukimbu ilikuwa nchi ya watemi wadogo zaidi ya 30. Nyungu hakuwafuta, aliweka juu yao wasimamizi wake, walioitwa vatwale, kila mmoja akiwa na watemi kadhaa chini yake, akikusanya pembe za ndovu na kuzipeleka Kiwele. Hapo mtu wa porini akapata cheo, makao, na hesabu ya kutoa. Aliyezoea kuuteka msafara mara moja sasa alihitaji urudi tena mwakani. Alipokufa mkubwa, kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza kama nyumba ingebomoka. Si kwamba mioyo yao ilikuwa imetakata. Wakulima waliotozwa pembe hawakupata kuulizwa juu ya hilo.

Dola hiyo ilidumu miaka kumi baada ya mwasisi wake, mpaka Wajerumani walipoivunja mwaka 1895. Wajerumani wenyewe waliwaandika rugaruga katika vita vyao, hata katika Maji Maji, 1905 hadi 1907. Safari hii hawakupewa nchi ya kusimamia. Mara nyingi malipo yao yalikuwa nyara.