Mkeka wa Takataka



Leo twataka kuungama kosa letu mbele yenu. Siku chache kabla ya sikukuu ya mavuno, mama mmoja mjane wa shirika letu hapa Goma alituletea mkeka, akaomba utandikwe mbele ya altare. Alikuwa ameusuka kwa nyuzi za magunia ya mchele na mifuko ya plastiki, vitu alivyookota njiani na kuviosha. Tulimjibu upesi: “Mama, takataka haziingii nyumbani mwa Mungu.” Akaukunja mkeka wake, akaenda zake kimya.

Baadaye tulisoma habari za Sanaa Gateja, fundi aliyezaliwa mwaka 1950 huko Kisoro, nchini Uganda, upande wa pili wa milima hii ya Virunga tunayoitazama kila siku. Yeye hukusanya karatasi zilizotupwa, huzikata vipande vyembamba, huvizungusha kuwa shanga, huzitia rangi, kisha huzishona juu ya nguo ya gome la mti. Wanawake wengi wamejifunza kwake kazi hiyo, wakapata riziki. Mwaka 2024 kazi zake zilitundikwa Venice, Italia, katika maonyesho makubwa ya sanaa. Hata gome lile lina fundisho: likisha kubanduliwa, mti hufungwa majani ya migomba, nao huota gome jipya.

Tuliposoma hayo tuliona haya. Je, sisi watu wa Goma tulisahau? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mjini, hata Kanisa Kuu letu likateketea. Tulifanya nini? Tulivunja mawe ya moto ule ule, tukajengea kuta za nyumba zetu.

Basi jioni moja tulikwenda kwa yule mama. Tuliwakuta watoto wake wamelala juu ya mkeka ule. Tukamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema: “Mwalimu, huu sasa ni wa watoto. Nitasuka mwingine.”

Alitimiza neno lake. Leo mkeka wa pili umetandikwa mbele ya altare, na kila Jumapili twaukanyaga kwa adabu. Mkombozi wetu alilazwa horini, mahali pa kulishia ng’ombe. Ndugu, tujihadhari tusifukuze mlangoni sadaka ya maskini, kwa kuwa Mungu huutazama kwanza mkono ulioisuka.