Mwenye Muhuri Ndiye Aliyekwama

Sisi wa Njisi, ndugu msomaji, hatuhitaji kufundishwa maana ya mpaka. Kwenye daraja la Mto Songwe, muhuri ukiwepo unavuka kwenda Malawi; usipokuwepo unarudi. Wasiotaka kukaguliwa wana njia zao za panya.

Marehemu kaka yangu aliacha sidii ya mchezo wa magari wa kompyuta, halisi kabisa, aliyoinunua kwa fedha ya mpunga. Mwanawe akaitia kwenye kompyuta yenye Windows 10. Kimya! Nakala ya magendo aliyopewa na mwenzake ikacheza bila taabu. "Baba mdogo," akaniuliza, "kumbe baba aliuziwa feki?"

Hapana, bwana. Sidii nyingi za miaka ile zilitiwa muhuri wa siri uitwao SafeDisc, alama ambazo mashine za kunakili zilishindwa kuziiga. Mkaguzi wake, programu ndogo iitwayo secdrv.sys, alikaa ndani kabisa ya Windows. Mwaka 2007 likagundulika tundu kwenye kibanda chake, wahuni wakapata pa kupenyea. Tundu lilizibwa, lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikumrudisha kazini. Sawa, usalama kwanza. Ila mchezo bado unamsubiri: kizuizi kiko chini, mkaguzi hayupo.

Nakala ya magendo yenyewe iling'olewa kizuizi zamani, ndiyo maana inapita. Basi kukwama kwa sidii ile si aibu ya kaka. Ni ushahidi kwamba alilipa.