Lubugo ya Babu

Kwa miaka mingi hapa Kampala nimewafundisha wanafunzi msamiati wa ususi: miyaa, ukili, jamvi na kawa. Waliyakariri vyema, ingawa wengi wao hawajapata kuuona mkindu. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, nasi tuielezeje lubugo kwa Kiswahili?" Nilibabaika. Mimi, mjukuu wa mtengeneza lubugo wa Mawokota, nilikosa la kusema.

Lubugo ni nguo ya gome la mti uitwao mutuba. Majira ya mvua babu alikwangua ganda la nje, akalichanja gome la ndani kuanzia juu hadi chini, akalibandua likiwa zima. Shina lililobaki uchi alilifunga majani ya mgomba, kama mtu afungavyo jeraha, na mti ukaota gome jingine. Kisha alilipasha gome moto, akalitandaza juu ya gogo, akaliponda kwa nyundo za mti zenye mifuo, akianza na ile ya mifuo mipana na kumalizia na ile ya mifuo myembamba. Kazi hiyo ilifanyika kibandani, maana gome likikauka upesi halilainiki tena. Mwisho lilianikwa juani, likapata wekundu wa udongo.

Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu ilileta nguo za pamba, na lubugo ikaanza kupungua. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na doa. Babu alipofariki tulimzika kwa lubugo, kama ilivyo desturi. Na lubugo hiyo tuliinunua sokoni, kwani hapana mjukuu hata mmoja aliyejua kuiponda. Nyundo zake zilikuwapo pembeni, zimekauka.

Wiki iliyofuata swali lile, niliandika ubaoni pamoja na wanafunzi: kukwangua, kuchanja, kubandua, kuponda, kuanika. Kiswahili kilitutosha. Gogo tu tuliliachia jina lake la Kiganda, mukomago. Kumbe maneno hayakupungua. Aliyepungua ni mwalimu wa kuuliza wazee wangali hai. Walimu wenzangu, tusichelewe kama nilivyochelewa mimi.